Natoboa, Wanaziba

Nikiulizwa nilifanya kazi gani Johannesburg, jibu la kweli ni fupi: nilitoboa matundu kwenye kuta, na watu wakayaziba. Kwenye kitambulisho cha ofisi nilikuwa msanifu wa mifumo ya kupasha joto na kupitisha hewa kwenye majengo ya sehemu za baridi kali. Maneno mengi hayo. Lakini nyinyi mafundi vijana mnaozungumza Kiswahili hapa mjini, wa Lubumbashi, wa Bujumbura, wa Dar na wa kwetu Tanga, mmeniomba niandike kabla sijasahau, nami sitaki kuwadanganya tangu mstari wa kwanza. Nilitoboa, wakaziba. Alhamdulillah kwa yote.

Watu hucheka wakisikia kwamba mtu wa Tanga amekula riziki yake kwenye theluji. Mimi mwenyewe nilicheka. Nilipofika huku nilijua hewa za aina mbili tu, ya joto na ya joto lenye mvua. Ofisi iliyonichukua ilikuwa Doornfontein, juu ya karakana ya kukunja mabati, na ilinichukua kwa sababu mkono wangu ulikuwa unachora mstari ulionyooka. Siku ya kwanza nilifanya kazi na koti mwilini mpaka jioni. Ofisi ya watu wanaosanifu joto haikuwa na hita hata moja. Hapo nilianza kuelewa kwamba katika fani hii maarifa na matendo hayalali nyumba moja.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kizungu aliyezaliwa shambani, tukimwita Oom Gert. Oom kwa Kiafrikana ni mjomba, na kweli alinilea kama mjomba, kwa maana ya kwamba hakunisifu hata mara moja. Kazi zetu nyingi zilikuwa Lesotho, kule juu milimani ambako maji hulala yakiwa maji na kuamka yakiwa jiwe: kambi za wafanyakazi, shule za bweni, zahanati. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba huko juu hewa ni nyembamba, kwa hiyo feni iliyotosha mjini haitoshi mlimani. Kwamba mdomo wa kuvutia hewa usitazame upande theluji inakotokea. Kwamba mlango wa nje uwe na mwenzake wa ndani, mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Na kwamba nyumba ikifungwa barabara isipitishe baridi, lazima ipewe pua ya kupumulia, la sivyo inawanyima pumzi waliomo.

Somo la mwisho hakulifundisha kwa mdomo. Alinipeleka kwenye kambi moja ya wajenzi wa barabara, ambako wanaume wawili walikuwa wameingiza chumbani jiko la makaa la bati, mbaula kama wanavyoliita hapa, wakafunga mlango, wakalala. Hawakuamka. Moshi wa makaa mnauona, lakini ndani yake mna sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humchukua mtu polepole akidhani anasinzia. Tulipofika walikuwa wamekwisha kuzikwa. Oom Gert alinielekeza kwa macho mpaka karibu na dari, kwenye tundu la hewa.

"Unaona nini?"

"Soksi," nikasema.

"Za nani?"

"Za marehemu, Oom."

Akazitoa, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya kitanda. Kisha akasema, "Watu wa huku baridi haiwaui, Sefu. Kinachowaua ni joto lao."

Tangu siku ile sikuchora chumba bila matundu mawili: moja la chini la kuingizia hewa, moja la juu la kuitolea, lenye bomba linalopita paa, ili hata umeme ukikatika na feni ikinyamaza, hewa chafu ipande yenyewe na kutoka. Na tangu siku ile binadamu wameungana dhidi yangu. Nimekuta matundu yamezibwa kwa magazeti, kwa nepi, kwa sifongo la godoro, kwa unga uliokandwa. Mkandarasi mmoja aliyapaka rangi mpaka yakafunga, akaniambia yamependeza. Msanifu majengo mmoja, msomi mwenye miwani ya bei, aliniuliza kama matundu yangu hayawezi kuwekwa mahali pasipoonekana, kwa mfano nje. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni alilalamika kwamba mabweni yana baridi. Nilipompandisha kwenye ngazi kumwonyesha kwamba yana baridi kwa sababu dirisha limevunjika, wala si kwa sababu ya tundu, alishukuru sana, akaliziba tundu. Dirisha likabaki.

Nilieleza kwa Kiingereza. Nilieleza kwa Kisotho changu cha kuombea maji ya kunywa. Nilibandika picha ya mtu amelala na mshale mwekundu. Mungu anajua nilisubiri. Subira ni ibada, lakini hakuna aliyeniambia kwamba nitaifanya juu ya ngazi.

Sasa niwaambie kuhusu kifaa changu, maana wengi mmekuwa mkinitania. Ili kujua hewa ya chumba inakwenda wapi unahitaji moshi. Oom Gert alitumia vichupa vya moshi vya kitaalamu. Vilipokosekana dukani, mimi nikarudi kwenye ninachokijua. Fordsburg, nyuma ya maduka ya vitambaa, kuna muuza viungo mwenye ubani mzuri, unaotoa moshi mzito mweupe unaopanda bila haraka. Chetezo nilikuwa nacho, kidogo, cha udongo, mama alinipa nilipoondoka nyumbani. Unaweka kaa moja, unatia ubani, unasimama chini ya tundu, unatazama. Mikono imeshika chetezo na macho yamo kwenye moshi, saa utaitazama kwa macho yapi? Kwa hiyo muda nilipima kwa tasbihi. Moshi ukifika tunduni kabla sijamaliza subhanallah zangu, tundu linavuta. Nikimaliza nikahamia alhamdulillah na moshi bado unazunguka kichwani, bomba lina kasoro. Oom Gert alisema ni kipimo cha ajabu kuliko vyote alivyowahi kuona, na kwamba kiko sahihi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa nyumba ya kungojea uzazi. Kule milimani mja mzito hawezi kusubiri uchungu kijijini, theluji ikifunga njia atajifungulia barabarani. Basi anakuja mapema, anakaa karibu na zahanati mpaka siku yake. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vya vitanda, mbali na jiko, na boila ya kuzungusha maji ya moto. Aliyenisaidia kuifunga alikuwa Kalenga, fundi wa mabomba kutoka Lubumbashi, Mkristo mcheshi, tumefanya kazi pamoja muda mrefu kiasi kwamba anaijua njaa yangu kabla yangu. Muuguzi mkuu aliitwa Mme Palesa. Mme ni mama kwa Kisotho, nami aliniita Ntate, baba. Kabla hatujafungua boksi la kwanza alinieleza kilichotokea kwenye nyumba ya zamani: umeme ulikatika, wanawake wakaingiza mbaula, wakaziba kila ufa kwa mablanketi. Aliwakuta asubuhi. Wawili aliwazindua. Mmoja hakuzinduka, wala mtoto wake aliyekuwa tumboni.

"Umeme utakatika tena," akasema. "Na mbaula nikiwanyang'anya wataificha. Nataka nyumba ambayo watu wakifanya ujinga bado wataamka."

Nilimwambia nyumba hiyo naijua kuichora. Kuwazuia wasiizibe sijui.

Siku ya kuikabidhi, baridi ilikuwa inaanza kuuma na wanawake wa kwanza walikuwa wamekwisha kulala humo. Nilipita chumba kwa chumba na chetezo changu. Wao wamekaa vitandani na mablanketi mabegani, kimya, wananitazama. Kalenga alinifuata na ngazi.

"Papa Sefu," akaninong'oneza tulipomaliza, "bale bamama batafunga hii matundu yote. Mbele hata tufike kwa mupaka."

"Najua."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunaomba dua, tunakwenda zetu."

Katikati ya majira ya baridi pampu ya boila iligoma, Kalenga akapanda peke yake kuitengeneza. Aliporudi tulikutana Fordsburg, kwenye mgahawa wa chai, na kabla hajakaa nilimuuliza habari za matundu.

"Wazi," akasema. "Yote. Hata banayapangusa vumbi."

Nilishusha kikombe. Nilihisi kitu kinanipanda kifuani, na nadhani kilikuwa furaha. Sikuwa na mazoea nayo kazini. "Umeme ulikatika?"

"Ulikatika mara na mara. Mbaula iko ndani, matundu iko wazi, bote bazima." Akatia sukari, akakoroga, akawa anajizuia kucheka. "Papa, hauulize juu ya nini habafungi?"

"Kwa nini?"

"Banaogopa. Banasema ule muzee Mwislamu mwenye ndevu nyeupe alitia dawa mule ndani. Alichoma, akasemasema maneno kila tundu. Mama mumoja alikuja mupya, akashika blanketi afunge, benzake bakamukamata mukono. Ukifunga, banasema, dawa itarudia mutoto." Hapo kicheko kikamshinda. "Muko nganga mukubwa, Papa. Mungetuambia tu, tungeongeza bei."

Yeye alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi chai ilinipoa mbele yangu. Fikirini, vijana. Miaka yote nimechora, nimeeleza, nimepanda ngazi na wakuu wa shule, na hakuna aliyenisikia. Nimechoma ubani mara moja, nanong'ona tasbihi, na ghafla natiiwa kama sultani. Na ninatiiwa kwa jambo ambalo dini yangu yote inalikataa. Kwetu Tanga nawajua watu wanaowatoa watoto hofu kwa ubani na maneno yasiyosikika. Baba yangu alinitandika nilipomwendea mmoja wao kwa ajili ya mtihani. Na sasa mganga ni mimi.

Nyumbani kwangu Malvern nilimweleza mke wangu, Mama Zubeda. Alikuwa anachambua mchele.

"Uongo hukuusema wewe," akasema, "lakini unaula."

"Nikisema ukweli wataziba. Kuna watoto pale."

"Wakiziba utarudi tena. Si ndiyo kazi yako?"

"Nastaafu mwezi ujao, Mama Zubeda. Sirudi tena."

Akatupa chuya moja pembeni. "Basi nenda kabla hujastaafu."

Tukaenda, mimi na Kalenga, theluji bado imekaa kwenye mabonde. Njiani hakunitania sana, na kwa Kalenga hiyo ni ishara ya huruma. Mme Palesa nilimkuta zahanati, nikamwambia nimekuja kuwaeleza wanawake kwamba hakuna dawa.

Hakushangaa. "Nilisikia maneno hayo tangu mwanzo wa baridi," akasema. "Nikanyamaza. Ntate, mwaka huu sijaingia asubuhi nikamkuta mtu hazinduki. Waache na dawa yao."

"Siwezi. Si yangu."

"Imani yako iko safi, nakuheshimu. Lakini wewe unaondoka leo na imani yako, mimi nabaki na vitanda. Ukisema, na usiku wakaziba, nani atakuwa macho?"

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilichomwambia mwishowe kilitoka kwenye kazi zaidi kuliko kwenye msahafu, ingawa siku hizi sioni tena mpaka kati ya viwili hivyo. Nilimwambia: mtoto mmoja ataugua kifua, kama watoto wanavyougua, na matundu yako wazi. Watasema dawa ya mzee imekwisha nguvu. Siku hiyo watayaziba yote kwa pamoja, na wewe hutakuwa na la kuwaambia, maana ulinyamaza. 

"Hilo nami huliwaza," akasema. "Twende. Lakini ukiwapoteza, wewe na mimi tutaonana mbele ya Mungu."

Tuliwakusanya chumba cha kwanza, wengine kwenye vitanda, wengine sakafuni na matumbo yao. Pale pia alikuwapo mpishi wa nyumba, mwanamke mzee ambaye wote walimwita Nkhono, yaani bibi. Na Kalenga alinifinya kunijulisha kwamba hadithi ya dawa ilianzia kwa bibi huyo. Mme Palesa akawa mkalimani.

Nikawaambia. Hakuna dawa. Ni ubani, unauzwa kwa mafungu, na mimi ni mchoraji.

"Na yale uliyokuwa unanong'ona?" Nkhono akauliza.

"Nilikuwa napima muda, moshi unachukua kitambo gani kutoka."

"Kwa maneno gani?"

"Kwa kumtaja Mungu."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Akawageukia wenzake. "Saa ya namna hiyo haihitaji betri," akasema, nao wakacheka, lakini cheko la watu walionyang'anywa kitu. Msichana mmoja karibu na ukuta, tumbo limeshuka tayari, hakucheka. "Kwa hiyo hakuna kitu mle," akasema.

"Hakuna. Ni hewa tu."

Akainuka. Akachukua shali lake kutoka kitandani, akapanda juu ya godoro, akaanza kulisokomeza kwenye tundu la juu, mbele ya macho yangu, maneno yangu hayajapoa. Namshukuru Mola kwamba umri umenipunguzia sauti. Kalenga alijishika kichwa. Mme Palesa alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

"Mwacheni," nikasema. "Aketi. Na la chini pia lizibwe."

Nikawasha kaa, nikatia ubani, mwingi safari hii, nikaweka chetezo sakafuni katikati ya chumba. Sikusema tasbihi. Moshi ulipanda mpaka kwenye dari, ukatafuta pa kutokea, ukakosa, ukaanza kutanda. Kisha ukashuka polepole, kama shuka linalotandikwa, mpaka ukafika usawa wa mito. Mtu akakohoa. Msichana yule alikuwa ameketi kitandani kwake, na moshi ulikuwa unampita usoni.

"Huu mnauona," nikasema. "Sumu ya mbaula hamtaiona, wala hamtakohoa. Mtasinzia."

Nkhono ndiye aliyesimama. Alifungua tundu la chini kwa mguu wake. Halafu akamtazama msichana, akangoja.

Msichana alipanda tena juu ya godoro. Akavuta shali. Tuliuona wote moshi ukigeuka, ukinyooka kama uzi unaotungwa sindanoni, ukaingia tunduni na kupotea. Alibaki amesimama pale juu, shali mkononi, akitazama. Baadaye akajifunga lile shali shingoni, akashuka, akalala.

Tulipokuwa tunafunga vifaa Nkhono alikuja akashika chetezo. "Hiki kibaki," akasema.

"Ni cha mama yangu."

"Wanaokuja kesho hawakuwepo leo. Utawaeleza wewe?"

Kalenga akageuza uso dirishani. Nikampa Nkhono chetezo, na fungu la ubani lililobaki, nikamwonyesha namna ya kushika kaa bila kujichoma, naye akanitazama kana kwamba namfundisha kupika uji.

Mwaka huu baridi imekuja na nguvu, na juzi Mme Palesa alinitumia sauti kwenye simu. Theluji iliwafungia, umeme haukuwepo, mbaula ziliingizwa ndani kama kawaida. Alipita alfajiri akakuta matundu yako wazi vyumba vyote isipokuwa kimoja, na hicho Nkhono alikwisha kukifungua kwa fimbo na kwa maneno ambayo Mme Palesa alisema hawezi kumtafsiria mtu wa dini. Wote waliamka. Mmoja alijifungua siku hiyo hiyo. Nilisujudu pale pale sebuleni.

Nilipoinua kichwa ndipo nilipoliona. Sebule yetu ina hita ya gesi, na juu yake kuna tundu nililolitoboa mwenyewe tulipohamia. Ndani ya tundu mlikuwa na kanga.

"Mama Zubeda."

"Baridi, mume wangu," akajibu kutoka jikoni.

"Wewe ndiye uliyenituma mlimani."

"Kule kuna makaa. Hapa ni gesi."

"Gesi nayo inataka hewa. Njoo nikuonyeshe kwa moshi."

Akatokeza mlangoni, anafuta mikono. "Kwa chetezo kipi?"

Yeye akarudi kwenye chai yake. Nikapanda kiti, kwa taratibu kama magoti yangu yanavyoruhusu sasa, nikaitoa kanga, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya kochi. Niliporudi kutoka msikitini ilikuwa imerudi tunduni. Nimeitoa tena. Kesho ataiweka, nami nitaitoa. Nimestaafu, sina safari nyingine.